Kagonga Msudani, kapigwa Mtanzania: kwa nini viongozi wa wanafunzi wa Kiafrika India wanang'ang'ania neno "ubaguzi"

Tuanze na usiku wa tarehe 31 Januari 2016, Bengaluru, mji ambao wengi wetu bado tunauita Bangalore. Mwanafunzi mmoja wa Sudan alikuwa anaendesha gari akamgonga mama wa watu, mama akafariki. Watu wakajaa barabarani wamewaka. Kama nusu saa hivi baadae anapita dada wa Kitanzania, miaka 21, anasoma mambo ya biashara pale mjini, yuko na wenzake kwenye gari lao na hawana habari yoyote ya ajali. Wakashushwa, wakapigwa, gari lao likatiwa moto, na yule dada kwa maelezo yake mwenyewe alichaniwa nguo, akaona basi linapita akalikimbilia akapanda, abiria wakamsukuma chini. Yaani alikuwa ameshaingia ndani ya basi na wakamrudisha kwa wale wale waliokuwa wanampiga.

Sasa yule dada na yule Msudani hawajuani. Nchi mbili tofauti, lugha tofauti, hawakuwa gari moja wala hawakuwa wanaenda sehemu moja. Wamefanana rangi, basi.

Mtu aliyesimama kuisema hii habari mpaka dunia ikasikia alikuwa Bosco Kaweesi, mshauri wa mambo ya sheria wa umoja wa wanafunzi wa Kiafrika pale Bangalore. Yeye ndiye aliyewaeleza waandishi kwamba hawa vijana walipofika polisi waliambiwa wamlete kwanza yule Msudani ndio malalamiko yao yasikilizwe. Hebu fikiria, umepigwa, huna nguo za maana mwilini, unaenda polisi unaambiwa umtafute mtu usiyemjua kwa sababu ni mweusi mwenzio. Kaweesi akaongea, vyombo vya habari vikabeba, ndani ya siku chache waziri wa mambo ya nje wa India wakati ule, Sushma Swaraj, akaandika kwamba tukio ni la aibu na limewaumiza sana, balozi wetu marehemu John Kijazi akaenda Bengaluru, watu wakakamatwa, polisi kadhaa wakasimamishwa kazi.

Lakini waziri wa mambo ya ndani wa jimbo la Karnataka, ambako ndiko Bengaluru iliko, G. Parameshwara, yeye akasema hili si shambulio la ubaguzi wa rangi, ni hasira za wananchi baada ya ajali. Na hapa ndipo fundo lilipo, maana kila tukio la namna hii India linaishia kwenye mabishano haya haya. Kiongozi wa wanafunzi anasema ubaguzi, serikali inasema uhalifu wa kawaida, na watu wa pembeni wanabaki wanauliza sasa tumuamini nani, maana kweli kulikuwa na ajali, kweli mtu alikufa, kweli watu walikuwa na hasira.

Mimi nimelifuatilia hili muda mrefu, nina mdogo wangu kasoma huko miaka mitatu, na nilichokuja kuelewa ni kwamba hawa watu wawili wanajibu maswali mawili tofauti. Serikali inajibu swali la kwa nini watu walikasirika. Kiongozi wa wanafunzi anauliza hasira ile ilimwendea nani. Dereva kupigwa na umati baada ya ajali ni kitu kinachotokea sana India na hata huku kwetu tunakijua vizuri, gonga bodaboda uone wenzake wanavyofika. Lakini kama dereva wa siku ile angekuwa kijana wa pale pale mtaani, hivi nusu saa baadae wangesimamisha gari la kijana mwingine yeyote wa pale wakamshusha wakampiga kwa kosa la mwenzake? Hasira ilitoka kwenye ajali, sawa, hilo nalikubali kabisa. Ila kilichoamua nani apigwe ni rangi, na huo ndio ubaguzi wenyewe, hauhitaji mtu awe ameamka asubuhi amepanga leo naenda kumchukia mweusi.

Sisi wenyewe tuna methali inasema samaki mmoja akioza wote wameoza, na tunaisema tu kwenye mazungumzo bila kuifikiria sana. Mwafrika akiwa India anaishi ndani ya ile methali kila siku.

Turudi nyuma kidogo maana 2016 haikuwa mwanzo. Januari 2014 Delhi, mtaa wa Khirki Extension, waziri wa sheria wa serikali ya jimbo la Delhi anaitwa Somnath Bharti aliongoza watu usiku wa manane kwenda kuvamia makazi ya wanawake wa Kiafrika, wengi Waganda, akidai ni biashara ya madawa na ukahaba. Wale wanawake walizuiliwa, wakapelekwa kupimwa mkojo, na vipimo havikukuta madawa. Septemba mwaka huo huo vijana watatu kutoka Gabon na Burkina Faso walipigwa na umati kwenye stesheni ya treni ya Rajiv Chowk katikati ya Delhi, wamekimbilia kibanda cha polisi na bado wanapigwa humo humo kibandani, watu wengine wamesimama wanarekodi na simu. Halafu Mei 2016, miezi michache tu baada ya Bengaluru, mwalimu wa Kifaransa kutoka Kongo aliuawa Delhi usiku, chanzo ugomvi wa nani kakodi bajaji. Bajaji tu.

Kifo cha yule Mkongo kilitikisa watu. Mabalozi wa Afrika waliopo Delhi walitaka sherehe za Siku ya Afrika ziahirishwe wakasema hawatahudhuria, mwisho walihudhuria baada ya kuongea na serikali. Kule Kinshasa watu walishambulia maduka ya Wahindi kulipiza. Na V. K. Singh, naibu waziri wa mambo ya nje ambaye aliwahi kuwa mkuu wa jeshi la nchi kavu, akaandika kuhusu mashambulizi mengine yaliyotokea siku zile Delhi kwamba ulikuwa ugomvi mdogo tu na vyombo vya habari vimeukuza.

Hapo jiweke kwenye nafasi ya kiongozi wa wanafunzi. Waziri anasema ugomvi mdogo, wenzako wanaogopa kutoka kwenda hata dukani, na wakati huo huo Kinshasa wanashambulia maduka kwa jina lako, kitu ambacho wewe hukukiomba na kinakurudia wewe uliyepanga chumba Delhi. Kila neno unalotamka linapimwa pande mbili. Ukiongea kwa ukali unaambiwa unaharibu uhusiano wa nchi, ukiongea kwa upole wenzako wanakuona umenunuliwa.

Kesi ambayo kwangu inaonesha mambo yote kwa pamoja ni ya Greater Noida, nje kidogo ya Delhi, Machi 2017. Kijana wa pale, mwanafunzi wa sekondari, alipotea jioni moja. Majirani wakaelekeza kidole kwa wanafunzi wa Nigeria waliokuwa wanaishi jirani, na uvumi uliotembea haukuwa kwamba wamemteka, ulikuwa kwamba wamemla. Watu wakaingia nyumbani kwao kutafuta. Kesho yake kijana akapatikana akiwa hoi akafia hospitali, ikadhaniwa alizidisha madawa, lawama zikahamia kwamba basi Wanigeria ndio wamempa. Polisi wakawashikilia watano, wakakosa ushahidi wakawaachia. Tarehe 27 Machi watu waliandamana na mishumaa kuomboleza, maandamano yakageuka, wakaanza kumshika kila Mwafrika wanayekutana naye njiani. Ile klipu ya vijana wa Kinigeria wanapigwa ndani ya jengo la maduka, wamelala chini wanapigwa na viti vya chuma, ilizunguka dunia nzima. Mimi niliiona mara moja sikurudia.

Sisi wa pwani tuliokua tunasikia habari za mumiani tunajua uvumi wa aina hii unavyofanya kazi, kwamba kuna watu fulani, wageni, wananyonya damu, usipite kwao usiku. Uvumi wa namna ile hauulizi ushahidi, unajishikiza kwenye hofu ambayo ipo tayari. Na hofu ya kumwogopa Mwafrika kule ilikuwepo tayari siku nyingi, ndio maana ilichukua saa chache tu kufika kwenye neno "wamemla". Huwezi kusema hiyo ni hasira ya ajali au ugomvi wa bajaji, hakuna aliyegongwa pale.

Safari hii aliyesimama ni Samuel Jack, rais wa umoja wa wanafunzi wa Kiafrika India, unaojulikana kwa kifupi AASI. Wao hawakuishia kulalamika. Waliwaambia wanafunzi wakae ndani, wakataka ulinzi, na wakatangaza kwamba wataandikia Umoja wa Afrika kutaka biashara na India ikatwe. Watu walishangaa, mwanafunzi anazungumzia biashara za nchi? Lakini fikiria, mwanafunzi ana silaha gani nyingine? Kura hapigi. Hawezi kugoma kwa maana ya mfanyakazi kugoma. Pesa ya ada ameshalipa. Kilichobaki ni kugusa kile ambacho serikali za pande zote mbili wanakijali, na mwaka mmoja na nusu hivi kabla, Oktoba 2015, India ilikuwa imewaalika viongozi wa Afrika Delhi kwenye mkutano mkubwa na kuahidi mikopo nafuu ya dola bilioni 10 na nafasi 50,000 za ufadhili wa masomo kwa miaka mitano. Jack na wenzake walichofanya ni kuuliza kwa sauti, hizo nafasi 50,000 mnawaleta vijana wetu waishi vipi?

Na kelele zao zilifika. Mabalozi wa Afrika, ambao siku zote huongea lugha laini, walikaa wakatoa tamko la pamoja kwamba mashambulizi haya ni ya chuki dhidi ya wageni na ni ya rangi, kwamba India haijachukua hatua za kutosha zinazoonekana, na kwamba wanataka uchunguzi huru wa Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa. Kwa lugha ya mabalozi hicho ni kilio kikubwa mno. India ikajibu kwamba tamko linasikitisha na kushangaza, na Swaraj akasimama bungeni Aprili 2017 akasema tukio ni la kuumiza lakini halikuwa la ubaguzi wa rangi.

Siku hizo hizo aliyekuwa mbunge wa chama tawala, Tarun Vijay, akitetea nchi yake kwenye televisheni alisema kwamba kama Wahindi wangekuwa wabaguzi wangeishije na watu wa kusini, Watamil, watu wa Kerala, kwamba na wao wana watu weusi kila upande. Aliomba radhi baadae. Mimi naona ile sentensi ilifafanua zaidi ya ripoti nyingi, maana alikuwa anasema "sisi" na "watu weusi" kama makundi mawili ndani ya nchi yake mwenyewe, na hakuona tatizo mpaka watu wa kusini walipopiga kelele.

Kwa hiyo chuki hii haikuanza na Mwafrika aliyeshuka kwenye ndege. Rangi India ina daraja zake tangu zamani. Matangazo ya kutafuta wachumba yanataja weupe wa ngozi kama yanavyotaja elimu. Krimu ya Fair & Lovely imeuzwa tangu 1975 na ilibadilishwa jina 2020 tu, ikaitwa Glow & Lovely, iliyomo ndani ni biashara ile ile. Vijana wa majimbo ya kaskazini mashariki, Wahindi kabisa wenye pasipoti ya India, wanatukanwa mitaani Delhi kwamba ni Wachina. Januari 2014, mwezi ule ule wa Khirki, kijana mwanafunzi kutoka Arunachal Pradesh alipigwa Delhi baada ya kutaniwa nywele na sura yake, akafa. Serikali ikaunda kamati ya Bezbaruah na kamati ikapendekeza sheria iongezwe vifungu vya kuadhibu matusi na mashambulizi ya ubaguzi wa asili. Mapendekezo yakakaa miaka bila kuwa sheria. Sasa kama kijana wa nchi yenyewe kafa na vifungu havijaingizwa, mgeni anategemea nini?

Na lile neno wanalotupiwa Waafrika mitaani, habshi, wengi wetu tunalijua bila kujua, ni Habeshi yetu ile ile, Uhabeshi. Kule lina historia ndefu kwa sababu watu wa upande wetu wapo India karne nyingi. Malik Ambar aliyezaliwa Uhabeshi akauzwa utumwani alifika kuwa mtu mwenye nguvu kuliko wote katika ufalme wa Ahmadnagar mwanzoni mwa karne ya 17, akawasumbua Wamogul, watawala wakubwa wa India ya kaskazini wakati ule, mpaka alipokufa 1626. Wapo Wasidi wa Gujarat na Karnataka, vizazi vya Waafrika waliovuka bahari, wale wa Gujarat ngoma yao mpaka leo wanaiita goma. Hao Wasidi ni raia wa India na bado wanaulizwa wanatokea nchi gani.

Nirudi kwa kiongozi wa wanafunzi maana watu wengi wanadhani kazi yake ni kuongea na waandishi tu. Mwanafunzi wa kawaida akipigwa au akitukanwa mara nyingi ananyamaza, na siyo kwamba ni muoga. Mgeni mwenye viza ya zaidi ya siku 180 anatakiwa kujiandikisha ofisi ya wageni ndani ya siku 14 tangu afike, na kibali chake kinategemea chuo kiseme huyu ni mwanafunzi wetu na mwenye nyumba akiri kwamba anakaa kwake. Ukigombana na mwenye nyumba, karatasi inakwama. Ukigombana na chuo, karatasi inakwama. Mdogo wangu mwenye nyumba alimpandishia kodi katikati ya mwaka, akamwambia wazi nyie wenye nyumba wengine hawawataki hapa, mshukuru, na akalipa akanyamaza, mimi nilimwambia alipe. Nilijisikia vibaya kumwambia vile lakini alikuwa amebakiza mwaka mmoja. Karudi na digrii yake na marafiki wa Kihindi ambao mpaka leo wanapigiana simu, mmoja alikuja harusini Tanga, hilo nalo ni kweli na nalisema kwa moyo mmoja.

Kwa hiyo mtu anayekubali kuweka sura na jina lake kwenye televisheni akasema tumebaguliwa anajua kwamba karatasi zake nazo zinasainiwa na watu hao hao. Ndio yeye anayeamshwa saa nane usiku na meseji ya WhatsApp kwamba fulani yuko hospitali, anayeenda polisi kumtafsiria mtu, anayempigia mtu wa ubalozi ambaye hapokei mpaka klipu isambae. Anayewaambia pia wenzake ukweli mchungu, kwamba wapo kati yetu wanaouza madawa na wanaokaa viza imeisha, hao wakamatwe kwa majina yao, lakini jina la mtu mmoja lisigeuke kuwa jina la kila mweusi. Na huwa anaulizwa swali la Uganda 1972, Idi Amin alivyowapa Wahindi siku 90 waondoke, na maneno kama gabacholi tunayowaita Wahindi wetu huku. Ni swali la haki. Kosa lile lilikuwa kosa na maneno yale ni mabaya, nami niliyasema utotoni bila kujua. Lakini binti wa miaka 21 aliyeenda kusoma biashara hakuwa na deni la Amin.

Sasa kwa nini wanakomaa na neno moja hivi, si wahalifu wakamatwe tu yaishe? Sababu ni ya kisheria na siyo hisia tu. Kesi ikiandikwa ugomvi, polisi wanatafuta nani alianza, na mara nyingi inaisha kwa kupatanishwa. Ikiandikwa kwamba mtu alilengwa kwa rangi yake, swali la nani alianza linakosa nguvu, na serikali inalazimika kuhesabu matukio kama kitu kimoja kinachojirudia badala ya kila moja kuwa bahati mbaya ya peke yake. Kwa miaka yote ya matukio haya sheria ya jinai ya India ilikuwa na kifungu cha uchochezi wa chuki kati ya makundi, lakini kumpiga mtu kwa sababu ya rangi halikuwa kosa lenye jina lake. Tarehe 1 Julai 2024 sheria mpya ya jinai ilianza kutumika, na humo mauaji yanayofanywa na kundi la watu 5 au zaidi kwa sababu ya asili ya mtu, tabaka, mahali alipozaliwa, lugha na mengine kama hayo yana kifungu chake, adhabu ni kifo au kifungo cha maisha. Kuumiza vibaya kwa namna hiyo hiyo ni mpaka miaka 7.

Ni hatua, sitaki kuidharau. Ila angalia maneno "kwa sababu ya". Kifungu hakiwezi kusimama kama sababu haikuandikwa, na sababu inaanza kuandikwa usiku ule ule kwenye karatasi ya kwanza ya polisi, wao wanaiita FIR, kwetu ingekuwa RB na Kenya OB. Askari wa zamu akiandika "ugomvi baada ya ajali", mwanasheria wa baadae ana mlima wa kupanda. Ndio maana wale viongozi wanakimbilia kituoni kabla hata ya kwenda kwenye kamera, na ndio maana ile kauli ya mleteni kwanza Msudani ilikuwa mbaya kuliko ilivyosikika, ilikuwa inazuia karatasi isiandikwe kabisa.

Kama una mtoto au mdogo wako anaenda kusoma huko mwaka huu, atafute umoja wa wanafunzi wa nchi yake kabla hata ya kupata chumba, na namba ya mwenyekiti aiweke kwenye simu pamoja na ya ubalozi. Likimkuta jambo asiondoke kituoni bila nakala ya FIR, asomewe kilichoandikwa kwa lugha anayoielewa kabla ya kusaini. Nakala ya kwanza ni haki ya aliyelalamika na ni bure.